Kitoweo Kiitwacho Jasho

Mnaosema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, mnasema ya leo. Zamani alikuwa hajui, na mama yake hajui, wala hapakuwa na kuku hata mmoja aliyewahi kutia ukucha wake vumbini. Kuku walikaa ghalani, juu ya mtama wa wenye nyumba. Akisikia njaa, kuku aliinamisha shingo, akadonoa palepale alipolala, kisha akafumba macho tena. Najua wapo hapa wanaomwonea wivu. Ngojeni kwanza.

Katika ghala moja aliishi kuku aliyeitwa Tembe, mke wa jogoo Kuchi. Vifaranga wao walikuwa wanene kama maboga, na vimiguu vyao vilikuwa vyembamba mno kwa mzigo ule. Kuruka kizingiti tu, walihema. Tembe aliwatazama akafurahi, maana mama gani asiyependa kuona mtoto ameshiba?

Siku moja walitoka kuota jua uani, na mwewe akashuka. Hakuwa na mbio hata kidogo. Alikuja taratibu, kama mtu anayekwenda kuchukua chake. Vifaranga walimwona vizuri, wakataka kukimbia, miguu ikagoma. Kishingo, kifaranga wa kwanza na mnene kuliko wote, alianguka chali. Mwewe akamruka, akambeba kitindamimba.

"Nitarudi," alisema akiondoka. "Hakuna haraka."

Tembe alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajikokota hadi porini kwa shangazi yake Kanga, ambaye wanawe walikuwa hawashikiki kwa mbio. Kanga hakuwa na desturi ya kusimama. Aliitikia shikamoo huku anatembea, na Tembe ikabidi amfuate, pumzi juu juu.

"Shangazi, wanangu hawawezi kukimbia, na mwewe kasema atarudi. Wanaumwa nini?"

"Hawaumwi kitu. Wale mtama kwa jasho," alisema Kanga, akatokomea majanini.

Tembe alibaki amesimama. Mtama kwa jasho. Kila siku aliwasikia wenye nyumba wakitaja ugali kwa mlenda, wali kwa maharage. Kumbe basi jasho ni kitoweo. Lakini ni kitoweo gani hicho? Kuku hatoki jasho, jamani. Joto likizidi huachama mdomo tu. Tembe hakuwahi kuliona wala kulionja, na aliona haya kumkimbilia shangazi yake amuulize kitu ambacho pengine kila mtu anakijua.

Alimwuliza mumewe. Kuchi alikuwa katika wale wanaume wasiokubali kwamba kuna wasilolijua.

"Jasho? Mbona kitu cha kawaida hicho."

"Likoje?"

"Liko hivyo hivyo lilivyo," alisema Kuchi, akapanda juu ya paa akaanza kuwika, ingawa ilikuwa alasiri.

Jioni mama mwenye nyumba aliingia ghalani na bintiye. Alizamisha mkono katika mtama, akasema, "Hili ndilo jasho letu, mwanangu. Limetoka katika ardhi hii." Hapo ndipo Tembe alipochanganyikiwa kabisa. Kama mtama ndio jasho, basi mtama kwa jasho ni mtama kwa mtama! Aligeuza maneno yale huku na huku, hayakukaa. Mwishowe akashika neno moja tu, ardhi. Jasho limefukiwa chini.

Kulipokucha aliwatoa wanawe nje. Alikwangua udongo kwa mguu, akarudi nyuma kidogo, akatazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho jingine. Akaona mchwa.

"Ndilo jasho, mama?" aliuliza Kishingo.

"Sijui. Onja."

"Ni tamu."

"Basi silo. Dawa haiwi tamu. Chakura hapo pengine."

Walichakura wakapata panzi, wakapata majani machanga ya mchicha, mbegu, minyoo. Vyote walivionja, vyote wakavimeza, na kila mara Tembe alitikisa kichwa. Walirudi hoi. Kesho yake walitoka tena, na siku zilizofuata vilevile, na Tembe alizidi kuhuzunika kwa sababu mwewe angeweza kurudi wakati wowote na dawa haijaonekana. Hakuona kwamba matumbo yamepungua na mapaja yamekaza.

Mwewe alirudi kwa mwendo wake uleule wa taratibu. Tembe alipiga ukelele. Vifaranga wakatimka, Kishingo mbele yao, wakajitosa uvunguni mwa ghala. Mwewe alipobana makucha, alishika vumbi.

Tembe aliwahesabu, akawahesabu tena. Wote waliobaki walikuwapo. Furaha ilimjaa, na bado hakuelewa. Mgonjwa anaponaje kabla ya kunywa dawa? Akaondoka mbio kwenda porini, akamkuta Kanga njiani, na safari hii hakuwa anahema.

"Shangazi, unisamehe. Lile jasho bado sijalipata."

Kanga alisimama. Alimtazama miguu, akawatazama vifaranga waliomfuata, wanachakura hata hapo kando ya njia. Alifungua mdomo amweleze, kisha akaghairi.

"Liko chini zaidi, mwanangu," alisema. "Endelea kutafuta."

Na tangu siku hiyo, hata umwagie kuku pishi nzima ya mtama miguuni, atadonoa, atachakura, atatazama kwa jicho moja na jingine. Nyinyi humfukuza mkisema anamwaga chakula. Hamwagi, anatafuta kitoweo. Watoto wake hawaulizi tena wanatafuta nini. Lakini mama kuku, kivuli cha mwewe kikishapita, huwaita na kuwahesabu. Kisha huinama tena kuchakura, kwa kuwa hesabu yake hupungua mmoja daima, na dawa bado haijaonekana.