Kiamplifaya cha Siwema

Tajiri Machupa, mwenye bendi, alikitazama kikuza sauti cha mpiga gitaa wake, Siwema, kiamplifaya kidogo cha kizamani cha valvu, akacheka.

"Jumamosi tunapiga uwanja wa mpira. Hiki sauti yake haifiki hata golini! Leta kinachoziba watu masikio, la sivyo gitaa nampa shemeji yangu."

"Bosi, hata pilipili kichaa ni ndogo. Kijaribu, ila kwanza nikutie pamba masikioni. Sitaki lawama."

Akamtia pamba, akaishindilia kwa kidole, kisha akapiga nyuzi zote kwa nguvu. Kolimba, mpiga tumba, akajitupa chini na kugaagaa. Siwema akachomoa pamba sikio hili na lile, akamwonyesha bosi, akamsemesha.

Machupa aliona midomo tu ikicheza.

"Sisikii!" akapiga ukelele. "Mama yangu, kimeniua masikio! Jumamosi ukifungulie robo tu, usije ukaua watu!"

Akaondoka akipapasa ukuta kama kipofu.

Kolimba akainuka, akajikung'uta vumbi. "Dada, si umemchomoa pamba wewe?"

"Nimechomoa mbili," alisema Siwema, akikunja waya wake. "Nilitia nne. Zilizobaki nitazitoa tamasha likiisha."