Nguchiro na Jiko la Juu ya Paa

Mko?

— Tuko!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Waongo. Wewe hapo nyuma unatafuna muhogo, nakuona. Haya, tafuna polepole, ngano inapita.

Palikuwa na mama mmoja, Nguchiro, mjane, mdogo wa mwili, ulimi kama wembe. Aliishi ukingoni mwa mbuga na kichanga chake, Mashavu. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, haina dirisha hata moja, na juu yake bati.

Bati lile aliliweka marehemu mumewe. Zamani paa lilikuwa la nyasi, na ndani baridi kama mtungini. Mume akaona wenzake wanaezeka bati, naye akaezua nyasi, akaezeka bati, ili mvua ikinyesha asikie na yeye kelele za kitajiri. Mvua ikanyesha mara moja, akazisikia, akafa. Kelele alizifaidi yeye. Jua akamwachia mkewe.

Asubuhi bati lilisema ta! Jua likipanda likasema ta-ta! Mchana likasema ta-ta-ta-ta, na mle ndani pakawa kama chungu kilichofunikwa. Mashavu akakataa kunyonya. Ulimi nje, macho yamelegea, anahema he-he-he-he. Nguchiro akamtazama, akajua: kiangazi kikiendelea hivi, mtoto huyu namzika.

Akaenda kwa jirani yake, Ngiri. Huyo Ngiri alikuwa na nguvu, na mbuga yote ya nyasi ameizungushia miba. Paa lake mwenyewe lilikuwa la nyasi, nene kama godoro. Na alikuwa na desturi ya ukoo wake: huingia nyumbani kinyumenyume, makalio mbele, meno nyuma, ili abaki anachungulia kama kuna anayegusa mali yake.

"Hodi, mjomba."

"Sema ukiwa hukohuko."

"Mjomba, mtoto wangu anaiva. Nipe nyasi nifunike bati."

"Nyasi zangu, jua lako," akasema Ngiri.

"Basi hata mafungu mawili, mjomba."

"Nyasi zangu, jua lako."

"Basi nikate zile zilizokufa kando ya njia."

"Zimekufa zikiwa zangu." Akaingia ndani, makalio kwanza, akamwachia meno ya kutazama.

Nguchiro hakulia. Kwa joto lile chozi lingekauka kabla ya kufika shavuni. Akakaa kwenye kivuli cha kichuguu, mtoto mapajani, akawaza. Huyu hatoi. Huyu anajua kuchukua tu. Basi nimtafutie kitu cha kuchukua. Mimi nina nini? Nina jua.

Alfajiri akachoma viazi vitamu kwenye majivu, nyuma ya kichuguu, mpaka vikatoa asali. Akauzima moto, akafukia majivu, akavipanga viazi juu ya bati. Jua lilipopanda, harufu ikatembea. Ikatembea, ikaruka miba, ikaingia puani mwa Ngiri.

Fnu! Fnu! Fnu! Huyo Ngiri anakuja.

"We mama! Unapikia wapi? Moshi sioni."

"Nina moshi gani, mjomba? Kuni zenyewe sina. Navipanga juu, najilalia, vinaiva."

"Juu ya bati?"

"Wewe unaita bati. Marehemu alikuwa akiita jiko. Hebu onja."

Ngiri akaonja kimoja. Akaonja vyote.

"Nalitaka hilo jiko."

"Aa-a, mjomba! Jiko la marehemu?"

"Nalitaka!"

"Na mwanangu alale wazi kama kifaranga?"

"Nitakupa paa langu."

"Lile kuukuu?"

"Kuukuu kitu gani! Paa zito lile! Hata mchana wa kiangazi nalala na shuka!"

"Aa-a. Nikiezeka lile, jua nitalipata wapi?"

"Shauri yako!" Ngiri akacheka mpaka mate yakamtoka. "Sasa jua langu, nyasi zako!"

"Haya, mjomba, umenishinda. Lakini uezeke kwangu kwanza. Mimi mjane, nani atanipandia juu?"

Ngiri akaezua kwake, akabeba. Akabeba, akapanda, akaezeka, jasho chururu. Nguchiro amekaa chini na mtoto, anaelekeza. "Shusha nyasi zipite ukuta, mjomba, jua lisipige udongo. Hapo pamekaa vibaya, rudia." Ngiri akarudia, maana alikuwa na haraka ya kula.

Kisha akachukua bati, akaliezeka kwake, akapanga juu gunia zima la viazi vibichi. Akaingia ndani kinyumenyume, akasubiri.

Bati likasema ta! "Linawaka," akasema Ngiri.

Bati likasema ta-ta! Makalio yakasema chwii! "Vinakaribia," akasema Ngiri. Kutoka hataki, asije kunguru akamwahi.

Bati likasema ta-ta-ta-ta! Ngiri akachomoka, mkia juu kama mti wa bendera. Akatazama paani. Viazi vibichi, vigumu kama mawe. Kilichoiva ni mwenye viazi.

Mbio mpaka kwenye dimbwi la udongo mweupe, chubwi! Akagaagaa, akatoka mweupe pee, akaenda moja kwa moja kwa Nguchiro.

"Toka nje, mwizi wewe!"

"Mwizi nani, mjomba? Kwani jiko haliwaki?"

"Limeniwakia mimi!"

"Basi ni zima."

"Naiangusha nyumba yako!"

Nguchiro akamkumbatia Mashavu katikati ya chumba, akapaza sauti ya kilio: "Angusha, mjomba, ila nakuomba, upande wa machweo usiuguse, ule wa juu pale, ndio dhaifu!"

Ngiri akaenda upande wa machweo, akaruka na meno yake mawili. Pu! Matundu mawili.

"Basi wa mawio uniachie, mjomba!"

Ngiri akazunguka. Pu! Matundu mawili mengine. Lakini fito za ukuta zilisukwa vizuri, nyumba haikuanguka. Akaisukuma kwa mabega, akaisugua kwa mbavu, kuta zote. Kila aliposugua, akaacha udongo wake mweupe, mpaka nyumba ikang'aa kama yai na yeye akabaki na rangi yake ya kuzaliwa.

Hapo upepo ukaja. Fuuu, ukaingia huku. Fuuu, ukatokea kule. Mashavu akapiga chafya, akafumba mdomo, akafumbua macho, akatafuta titi. Akanyonya mpaka akamuuma mama yake.

Nguchiro akatoa kichwa kwenye tundu moja.

"Asante, mjomba. Madirisha yalinisumbua kweli, na wapaka rangi siku hizi hawapatikani."

"Nirudishie paa langu!"

"Nyasi zangu, mjomba," akasema Nguchiro. "Jua lako."

Ngiri akaenda zake, na kukata nyasi nyingine za mbugani akaona uchungu. Nasikia siku hizi huingia nyumbani usiku tu.

Sasa funzo, maana najua wazazi wenu watawauliza. Funzo ni ukarimu. Mtazameni Ngiri: ametoa paa, ametoboa madirisha, amepaka kuta, na hakudai hata chai. Kueni muwe kama Ngiri, watoto. Mimi nitakuwa Nguchiro, kwa sababu lazima pawe na wa kupokea.

Ngano yangu imefika kizingitini. Imevua viatu?

— Imevua!

Basi ipisheni ilale, na wewe wa muhogo unirudishie kigoda changu ulichokikalia.