Baragumu la Umbuga na Mwito wa Kurudi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto. Wewe wa nyuma, acha kuchokoa viazi, vitaiva vyenyewe. Ya leo si ya sungura wala si ya kuchekesha. Anayetaka kucheka aende kwa jirani, mimi leo nina huzuni na sitaificha.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani, palikuwa na nchi iliyoitwa Umbuga. Ilikuwa nchi tambarare yenye udongo mweusi, na mtama wake ulienea mpaka jicho linachoka. Umbuga haikuwa na jeshi. Ilikuwa na ndege. Kwelea walikuja makundi kwa makundi, na wakishuka shambani walimaliza kazi ya mwaka mzima kabla jua halijafika utosini. Kwa hiyo watu wa Umbuga walijenga madungu, vile vichanja virefu vya miti, wakapanda juu yake na mateo yao ya kurushia mawe, wakawa wanaamia ndege tangu alfajiri hadi jioni.

Mwaka mmoja watu wa ng'ambo ya mto walikuja kuvuna wasichopanda. Waliokuwa juu ya madungu hawakuulizana. Waligeuza mateo, wakawapiga wale wezi kama walivyozoea kupiga ndege, wezi wakarudi mtoni mbio, vikapu vitupu. Hivyo ndivyo jeshi la Umbuga lilivyozaliwa. Akija mtu kuwaambia kwamba lilianzishwa na mfalme fulani mwenye kifua kipana, mwacheni aseme, halafu mpeni maji ya kunywa. Lilizaliwa shambani, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mama mmoja, Nyanjige, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapikia waamia ndege uji.

Nyanjige alilipanga jeshi kama alivyolipanga shamba. Palikuwa na kikosi cha Madungu, waliotangulia na kuangalia. Palikuwa na kikosi cha Mateo, waliopigana. Na palikuwa na kikosi cha Vyungu, waliobeba chakula na kupika, na hao hakuna aliyewacheka, maana aliyewacheka alilala njaa. Kila dungu watu kumi, kila madungu kumi mkuu mmoja. Hata baadaye, walipoacha mateo na kushika mikuki, majina yalibaki yale yale.

Basi tandala, ambaye malisho yake nayo yalikuwa yameokolewa siku ile, alikuja kwa Nyanjige na pembe yake moja iliyokatika. Akampa iwe baragumu la jeshi.

"Pembe hii ina sauti mbili," alimwambia. "Ya kwenda na ya kurudi. Ikae mkononi mwa anayepika. Isikae mkononi mwa anayetawala."

Sauti ya kwenda ilikuwa moja ndefu, hata mlevi angeweza kuipiga. Sauti ya kurudi Nyanjige aliitoa kwenye mwito wake mwenyewe, ule aliokuwa akiwaita watu washuke madunguni kula: shukeni, shukeni, shukeni, uji umeiva. Mafupi matatu, na la mwisho linateremka polepole. Askari aliyeusikia, hata akiwa mbali kiasi gani, alinusa uji wa kwao.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Wazee wa Umbuga walikaa, wakaogopa. Walisema adui akijifunza mwito ule ataupiga katikati ya vita, na jeshi letu litaondoka na kutuacha wazi. Wakaweka sheria kwamba namna ya kuipiga sauti ya kurudi itajulikana na nyumba moja tu, nyumba ya Nyanjige, mama amfundishe binti, na amfundishe siku binti huyo atakapozaa mtoto wake wa kwanza. Kisha wakawaapisha askari wote kwa maneno haya: askari wa Umbuga harudi kwa hofu, harudi kwa njaa, harudi kwa kilio, hurudi kwa baragumu. Waliona wamefunga mlango vizuri sana. Wakala, wakanywa, wakapongezana.

Miaka ilipita, Nyanjige akafa, baragumu likafika kwa mjukuu wake Kalunde. Kalunde alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mbuke, msichana mwenye sauti nzito na mkono mwepesi wa kupika. Na Umbuga ilikuwa na mtawala aitwaye Mtemi Ngelela. Huyu aliona aibu kutawala nchi iliyozungukwa na nchi za wengine.

Alilituma jeshi mpaka milimani, Kalunde akapiga sauti ya kurudi, jeshi likarudi na ng'ombe. Alilituma mpaka ng'ambo ya milima, Kalunde akapiga, jeshi likarudi likichechemea. Mara ya tatu alitaka lifike ziwa la chumvi, ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Watu hawakutosha. Wakachukuliwa waamia ndege wa mwisho, na kwa kikosi cha Vyungu akachukuliwa Mbuke, ingawa desturi ilimwacha nyumbani.

Mbuke alimwomba mama yake amfundishe ule mwito kabla hajaondoka. Kalunde alikataa. Alisema hajazaa bado, na anayekwenda vitani hawezi kuubeba, maana akitekwa atausema. Alimfunga binti yake chungu mgongoni kwa kamba mpya, akamwambia atamwita mapema.

Vumbi lao lilipotua, Mtemi alituma watu wakalichukua baragumu nyumbani kwa Kalunde. Alisema mama ana moyo mwepesi, ataliita jeshi kabla ya wakati. Likatundikwa kwenye nguzo ya nyumba ya Mtemi.

Mtama ulipochanua, Kalunde alikwenda kwa Mtemi. Alipiga magoti, akauliza, "Mtemi, niwaite?"

"Bado," alijibu Mtemi.

Mtama ulipoanza kukomaa, kwelea walikuja, na madunguni hapakuwa na mtu. Kalunde akaenda tena. "Mtemi, niwaite?"

"Bado."

Mashamba yalipobaki mabua, isipokuwa shamba moja dogo la Kalunde alilokuwa akiliamia peke yake, watu wakaanza kuchemsha mizizi. Kalunde akaenda mara ya tatu, akitembelea fimbo. "Mtemi, niwaite?"

"Bado kidogo," alisema Mtemi, na hakumtazama usoni.

Majirani walimwendea Kalunde, wakamsihi awafundishe ule mwito hata watu wawili tu, ili siku moja mmoja wao alipate baragumu na kulipiga. Alikataa. Sheria ilikuwa ya bibi yake na wazee, na aliogopa kuwa wa kwanza kuivunja. Mimi nilimlaumu Kalunde nilipoisikia hadithi hii nikiwa mdogo, na leo bado namlaumu. Lakini namlilia pia. Alikuwa amelelewa hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sheria ile ilitungwa na watu walioogopa tu.

Asubuhi moja alishindwa kuvumilia. Alipanda dunguni kwake, nguvu zikiwa zimekwisha, akaelekea upande walikokwenda, akaita kwa mdomo mtupu: "Shukeni, shukeni, shukeni, uji umeiva."

Upepo uliuchukua mwito ule hadi kwenye miiba ya karibu, ukauacha hapo. Hapakuja mtu. Walikuja kwelea. Walishuka wote kwa pamoja juu ya lile shamba dogo, wakala.

Kalunde aliwauliza kwa nini wanamfanyia hivyo, naye ameketi pale pale.

"Tumesikia mwito wa chakula, mama," alijibu kwelea mmoja, wala hakuwa na ubaya. "Miaka yote unawaita wengine. Leo tumedhani umetuita sisi."

Kalunde aliliweka teo lake chini. Alikufa pale juu ya dungu, na mwito wa kurudi ukafa pamoja naye.

Siku ya tatu tangu azikwe, watu wa ng'ambo ya mto walionekana wanavuka, polepole, kwa sababu hapakuwa na haja ya kukimbia. Mtemi Ngelela alishtuka. Alilitwaa baragumu kwenye nguzo, akapanda kilimani ili kuliita jeshi lake. Aliliweka mdomoni, ndipo akakumbuka kwamba haujui mwito. Alijaribu mafupi, yakatoka upepo tu. Akawauliza watu wote waliokuwa naye, mmoja mmoja. Hakuna aliyejua. Akafanya alichokijua. Akapiga moja ndefu.

Mbali huko, kwenye tambarare nyeupe ya chumvi, askari walikuwa wamekaa chini. Walikuwa wamefika. Walikuwa wamekaa wakisubiri kuitwa kwa muda mrefu hata nguo zimewaishia mwilini. Mbuke alikuwa akikwangua chungu kisichokuwa na kitu. Aliposikia baragumu alisimama wa kwanza, akacheka, akaanza kukifunga chungu mgongoni kwa ile kamba ya mama yake.

Kisha wote wakatega sikio, wasikie mafupi matatu. Hayakuja. Ilikuwa moja ndefu, ile ya kwenda.

"Huyo si mama," alisema Mbuke.

Mkuu wao alimwambia kwamba baragumu ni baragumu. Na kiapo kilikuwa kile kile. Harudi kwa hofu, harudi kwa njaa, harudi kwa kilio. Madungu walitangulia, Mateo wakafuata, Vyungu wakawa nyuma. Wakaingia kwenye chumvi kwa mistari iliyonyooka, kumi kumi, kama Nyanjige alivyowapanga, wakatembea mpaka sauti ikakoma. Ilipokoma wakasimama, wakasubiri.

Wapitao huko wanasema wapo bado. Wengine wanasema ni vichuguu tu, lakini vichuguu havikai kumi kumi. Na kimoja, katika mstari wa nyuma, kimegeukia nyumbani.

Wanawake waliobaki Umbuga, hata walipokuwa chini ya watawala wengine, kila wakiepua uji walitoka nje kwanza na kuita kuelekea huko, kila mmoja kwa namna yake, maana hakuna aliyejua ile yenyewe. Halafu ndipo walipokula.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pao, uji ukipoa.