Pimbi Aliyemuuliza Chui Anataka Nini

Paukwa!

Pakawa!

Mmesogea?

Tumesogea!

Sogeeni tena, maana hii inatisha, nami mwenyewe sipendi kuisimulia nikiwa peke yangu.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwepo, Chui alifungua duka la vyombo chini ya vilima vya mawe. Mchana, dukani, alikuwa mpole: karibu mama, karibu binti. Usiku watoto wa watu walipotea. Kila mtu alijua, na kila mtu alinunua kwake, maana duka lilikuwa hilohilo moja.

Siku moja akamwita Pimbi, fundi wa programu za simu. Pimbi ni kinyama kidogo, hana hata mkia, lakini maswali anayo.

"Nitengenezee programu ya zawadi za harusi," Chui akasema. "Bibi harusi achague vyombo dukani kwangu, waalikwa waone kwenye simu, wanunue. Ukikosea, nakula wewe na wanao."

Pimbi akaondoka, moyo du! du! du! Aliogopa, jamani. Lakini alikuwa na desturi yake: hagusi programu kabla hajawauliza watakaoitumia. Na kila mmoja humuuliza yaleyale.

Akaenda kwa Digidigi, aliyekuwa karibu kuolewa.

"Unataka nini, mdogo wangu?"

"Nataka watu waone nimeshapata nini."

"Ili nini?"

"Ili nisiletewe birika, birika, birika, kama dada yangu. Sasa anaota chai!"

"Na nini hutaki kabisa?"

Digidigi akatazama huku, akatazama kule. "Sitaki Chui ajue ninapolala."

Akaenda kwa Kware. Kware alitaka sahani. Ili nini? Ili wageni wasile kwa zamu. Na nini hutaki kabisa? "Sitaki Chui ajue wanapolala wanangu."

Pimbi akarudi dukani. Chui akafunga mlango, kwaruu! Wakabaki wawili.

"Unataka nini, Bwana Chui?"

"Programu imuulize kila bibi harusi: unalala wapi?"

"Ili nini?"

"Ili zawadi zimfikie." Akalamba mdomo.

"Unataka nini tena?"

"Imuulize: nyumbani kuna watoto?"

"Ili nini?"

"Ili... niwapelekee pipi." Akalamba mdomo.

"Unataka nini tena?"

"Imuulize kama wamenona."

Hapo Pimbi hakuuliza ili nini. Kucha zikagonga sakafu, te-te-te-te. Akikataa, analiwa yeye na wanawe. Akikubali, wanaliwa wote. Wewe unayecheka huko nyuma, ungefanya nini? Ungelia. Pimbi naye alitaka kulia. Lakini swali moja lilikuwa limebaki, akaliuliza kwa mazoea tu.

"Na nini hutaki kabisa?"

Chui akasogea karibu. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, akaona raha.

"Nyuki," akasema kwa sauti ya chini. "Nikisikia vuuu tu, nakimbia bila kuangalia nyuma."

"Haya. Na wa kwanza kuletewa zawadi awe nani?"

"Mimi!" Chui akaruka. "Kwani lazima niolewe? Duka si langu?"

"Uletewe wapi, Bwana?"

Chui akasita. Pimbi akasema polepole, "Au tuanze na Fisi?"

"Fisi nani! Pangoni kwangu, nyuma ya mwamba uliopasuka. Zawadi kubwa, nzito, ifungwe kwa kitenge. Iletwe Jumapili, duka likiwa limefungwa. Nikiwa nimelala, iwekwe karibu na kichwa changu, Fisi asije akaiba."

Pimbi akamsomea yote tena, kama mafundi wanavyofanya. "Ndivyo?"

"Ndivyo hasa!"

Programu ikaanza. Simu zikalia mji mzima, ting! ting! Chui anataka zawadi, analala nyuma ya mwamba uliopasuka. Pimbi akaenda kumnong'oneza Nyegere, mla asali, ambaye nyuki hawamtishi.

Jumapili wakaingia pangoni, Nyegere na mzigo wake wa kitenge, Pimbi mbele. Ndani giza, harufu ya mifupa. Pimbi akakanyaga kitu laini. Manyoya. Ya mtoto aliyemjua. Chui alikuwa akikoroma, khooo, khooo. Wakauweka mzigo palepale alipotaka. Pimbi akavuta fundo.

Jicho moja la Chui likafumbuka.

"Umeleta?"

"Kama ulivyosema, Bwana."

Vuuuuuu!

Pimbi akajibanza chini ya tumbo la Nyegere. Chui akaruka, pu! kwenye mwamba, akatoka mbio, na duka akaliachia yeyote.

Pimbi akafuta lile swali la unalala wapi, na yale ya watoto. Digidigi akaolewa, akapata birika moja tu. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Pimbi hakucheza. Zamani mchana walijua Chui yuko dukani. Sasa hakuna anayejua alipo. Ndiyo maana mpaka leo pimbi wakiota jua juu ya mawe, mmoja hubaki macho, akitetemeka, akiangalia majani.

Hadithi nimeitua hapo. Anayeiogopa asiende nayo kitandani.

Na funzo lake, watoto, mlishike: mkubwa akikupa kazi, ifanye kimyakimya. Usimuulize maswali. Ndivyo angewafunza Chui.