Vyuma vya Pazia

Wahenga hawakuwa na haya na maneno. Walisema mficha uchi hazai, wakaliacha hapo, atakayecheka acheke. Maana yake ni kwamba mwenye shida akiifungia moyoni hapati wa kumsaidia, kwani kidonda kisichoonyeshwa hakitibiwi. Fundi mmoja wa cherehani aliijua vizuri methali hii, na bado alikaribia kumpoteza mtoto wake wa kwanza.

Fundi huyo alikuwa bingwa wa mapazia. Siri yake ilikuwa kushonea vyuma vidogo ndani ya pindo, ili pazia lianguke sawasawa lisipeperuke. Aliishi na mama mkwe wake, mama mcheshi aliyempenda kama bintiye wa kumzaa, na aliyependa zaidi kusimulia habari za uzazi wake.

"Mimi nimenyonyesha saba, mwanangu," alimwambia kila asubuhi, "wala sikuwahi kusema ah!"

Alisema kwa kumtia moyo, maskini, lakini maneno yale yalimziba fundi mdomo. Chuchu zake zilikuwa zimepasuka tangu siku ya nne baada ya kujifungua. Kila mtoto aliposhika ziwa, alihisi sindano zote za cherehani yake zimemwingia kifuani. Akawa anageukia ukutani, anamnyonyesha dakika mbili tatu, kisha anambembeleza alale. Mtoto akawa analala mno, hata kulia halii. Bibi yake akamsifu kwa utulivu.

Wiki ya pili ikafika, siku ya kliniki. Muuguzi mkunga wa hapo alikuwa mwanamke mwenye moyo mwema na ulimi mkali. Akina mama walimwita Bi Mizani, kwa siri bila shaka. Siku hiyo alikuwa anafundisha benchi zima, ameshika soksi iliyojazwa pamba kuwa ndiyo ziwa.

"Mtoto hanyonyi chuchu peke yake kama anavuta mrija! Ajaze mdomo! Na msidanganyane: mama anaweza kushika mimba hata kabla hajaziona siku zake. Njia za kupanga uzazi zipo, njooni muulize. Kuna swali?"

Kila mmoja akatazama viatu vyake.

"Haya, kumbe nyote ni madaktari," akasema, akaanza kupima.

Fundi alimleta mtoto akiwa amevaa fulana nzito yenye pindo pana. "Ana mafua, Sista. Naomba apimwe hivi hivi."

Sheria ilikuwa mtoto apimwe uchi, lakini foleni ilikuwa ndefu. Bi Mizani akakubali. Mshale ukasimama kwenye kilo tatu na robo, uzito ule ule wa kuzaliwa.

"Mnaona?" mama mkwe akatamba kutoka kwenye benchi. "Maziwa ya ukoo wetu hayo!"

Bi Mizani alipomtoa mtoto kwenye mizani, mikono yake iliyopokea watoto kwa miaka ishirini na moja ikakataa kuuamini mshale. Fulana ilikuwa nzito na mtoto alikuwa mwepesi. Akaliminya pindo, vitu vikagongana ndani. Akafumua uzi kwa mkasi, na vyuma kumi na viwili vya pazia vikamwagikia mkononi mwake. Akamvua mtoto, akampima tena. Kilo mbili na gramu mia nane.

Fundi aliinamisha kichwa akisubiri kugombezwa. Bi Mizani akavuta pazia la kona, wakabaki wawili na mtoto.

"Nionyeshe unachokificha," akanong'ona.

Fundi akafungua vifungo.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Mbona hukusema?"

"Ungenigombeza mbele ya watu. Na mama kanyonyesha saba bila kusema ah. Nilitaka kadi isome vizuri leo tu, Sista. Leo tu."

Bi Mizani alijisikia vibaya, kwa kuwa ulimi wake aliujua. Akaketi. "Sikiliza. Wangu nilimzaa nikiwa mkunga tayari. Nikapasuka hivi hivi. Nikaona aibu kumuuliza mwenzangu, mimi ninayefundisha wengine! Nikaficha mpaka mtoto akalazwa."

"Akapona?"

"Sasa ananizidi urefu, na akinijibu ananijibu kwa Kiswahili cha kitabuni."

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja. Siku ile ile daktari alimpima mtoto, akawalaza siku nne. Bi Mizani alimfundisha fundi kumkaribisha mtoto kifuani mdomo ukiwa wazi kabisa, kupaka maziwa yake mwenyewe kwenye vidonda, na kuyakamua amnyweshe kwa kikombe wakati vinapona.

Mama mkwe aliposikia, alikuja akaketi pembeni mwa kitanda.

"Wa kwanza," akasema, "nilimnyonyesha nimeuma pindo la shuka, machozi yananitiririka."

"Mama! Si ulisema hukuwahi kusema ah?"

"Ni kweli, sikusema. Ningemwambia nani?" Akamshika mkono mkwewe, wakalia wote wawili.

Wiki ya sita fundi alirudi na zawadi: ziwa la kitambaa, limeshonwa vizuri hata soksi ikaona aibu. Bi Mizani akamsimamisha mbele ya benchi aonyeshe yeye. Akaonyesha, kisha akasimulia habari za vyuma vyake bila kuficha hata kimoja. Wakacheka mpaka watoto wakaamka. Kicheko kilipotulia, mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono polepole, akauliza kuhusu mimba swali alilokuwa amelibeba miezi mitatu. Akafuata wa pili, na wa tatu.

Mtoto wa fundi naye akapandishwa mizanini bila hata uzi mwilini. Kilo nne kasoro kidogo! Akamkojolea Bi Mizani mbele ya kadamnasi, na bibi yake akapiga vigelegele. Hakika, mficha uchi hazai.