Fimbo Mlangoni kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafagia nyua zao na kusutana kisimani kama sisi, palikuwa na mjane mmoja, Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mdogo wa kwenye mawe. Hana pembe, hana mkia, ana wasiwasi tu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, hebu acha hiyo kraa-kraa, nisije nikaenda zangu kulala!

Basi Bi Pimbi alikaa juu ya jabali na wanawe. Chini ya jabali palikuwa na kisima, na kisima kilikuwa chake. Mumewe alinyakuliwa na tai siku aliyoteremka mbugani kutafuta kuni. Tangu siku hiyo Bi Pimbi hakuwaruhusu wanawe kukanyaga mbugani, hata kwa mchezo.

Asubuhi moja alikuwa akifagia, akasikia kitu kimetupwa mlangoni. Kwacha! Akachungulia. Fimbo.

Roho ikamruka. Maana desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mwenye kutaka kisima au mali nyingine ya mwenzake humtupia fimbo mlangoni. Ukiiokota, mtakutana kwenye mchezo wa fimbo, ndani ya duara la majivu, na atakayekanyaga nje ya majivu ameshindwa. Ukiiacha pale chini mpaka jua lizame, umeshindwa bila kupigana. Fungasha virago.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ngiri!" likajibu dume nene kutoka chini. "Nataka kisima, mama. Okota au hama. Mbugani kuna nafasi tele!"

Mbugani! Kwa tai! Bi Pimbi akawatazama wanawe waliokuwa wakisukumana kwenye sufuria ya uji. Akaokota fimbo. Ikamponyoka, akaiokota tena.

"Hohoo!" Ngiri akacheka. "Hata kushika hujui! Tukutane siku ya gulio."

Jamani, Ngiri huyo hakuwa wa kufanyiwa mzaha. Mtindo wake ulikuwa mmoja tu: kuvamia. Mwamuzi akisema "Haya!" yeye keshafika. Pa! Pa! Pa! Hakupi nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka unajikuta nje ya majivu na hujui umefikaje. Alimpokonya Kanga mti wake wa kivuli, akampokonya Nyani shamba lake la mahindi. Na Sungura je, huyo mnayemsifu kila siku? Alipotupiwa fimbo alihama kabla ya chai!

Bi Pimbi akakimbilia kwa shoga yake Nguchiro, yule mwembamba anayepigana na nyoka.

"Shoga, nimekwisha!"

"Hujaisha. Shika mwiko huo."

"Mwiko wa nini?"

"Ukitumia fimbo utanivunjia vyungu. Shika!"

Nguchiro akanyakua ufagio, akamvamia. Bi Pimbi akafumba macho akarusha mwiko huku na huku, vu! vu! vu! Kila akirusha, ufagio unampata mbavuni.

"Unafanya nini?" Nguchiro akauliza.

"Si napiga!"

"Hupigi, unaogopa kwa mikono. Ukirusha ovyo hivyo, ubavu wako uko wazi. Leo ni marufuku kupiga. Kinga tu, na macho yawe wazi."

Wacha akinge! Mwanzoni alikinga huku analia. Ufagio ukija juu, anakinga chini; ukija chini, keshachelewa. Lakini kwa kuwa hakuwa na kazi ya kupiga, macho yake yakapata nafasi ya kuona. Kidogo kidogo ikawa, ta! Imekingwa. Ta! Imekingwa tena.

"Sasa nikishakinga?" akauliza, jasho likimtoka.

"Ngoja. Mwenye kurusha pigo kubwa likakosa, anabaki ameegemea mbele, hawezi kujirudisha haraka. Hapo ndipo pa kupiga. Mimi nyoka simpigi anapokuja, nampiga anapokosa."

"Lakini Ngiri si nyoka, shoga! Ngiri ni mzito, akinipata mara moja tu…"

"Basi nenda ukamtazame. Mimi namjua nyoka wangu. Nenda ukamjue Ngiri wako."

Bi Pimbi akajitwika boga, akaenda kwa Ngiri. Ukweli ni kwamba alikwenda kuomba. Alifikiri labda yule bwana angemhurumia.

Akamkuta uani anafanya mazoezi, anatwanga kisiki. Pa! Pa! Mapigo madogo. Kisha mkia ukasimama wima, pwi! Na baada ya mkia, likaja pigo kubwa, puu! Bi Pimbi akaangalia tena. Mkia wima, pwi! Puu! Kila mara ndivyo, mkia kwanza.

"Bwana Ngiri," akasema, "nimekuletea boga. Nakuomba, tusipigane. Nikupe nusu ya kisima, tuchote sote."

"Nusu?" Ngiri akalipokea boga, akaling'ata. "Nusu ya nini? Mimi nataka kukichimbua chote kiwe tope, nigaegae mchana kutwa."

"Na wanangu watakunywa nini?"

"Mimi ndiye niliyewazaa?"

Mara tawi kavu likavunjika nyuma ya nyumba. Kwaa! Lo! Mngemwona Ngiri! Hata hakutazama ni nini. Miguu ilirudi kinyumenyume, mbio, makalio yakatangulia shimoni mwake, meno yakabaki mlangoni.

"Ni nini? Ni nini?"

"Ni tawi tu, Bwana Ngiri."

Ngiri akajitoa, anajipangusa vumbi. "Usinitazame hivyo. Kwetu tunaingia kinyumenyume, adui akija akute meno mlangoni. Ndivyo mama alivyotulea. Nikishtuka, miguu inarudi yenyewe. Haya, toka uani kwangu!"

Bi Pimbi akarudi na utosi mtupu, boga limeliwa. Usidhani alikuwa na furaha! Njia nzima alijiuliza, "Na nikikosea? Na mkia usiposimama? Na nikimpiga asishtuke?" Alifika nyumbani hana hamu ya kula.

Siku ya gulio, nchi nzima ikajaa uwanjani, chini ya jabali. Mwamuzi alikuwa Mbuni, kwa sababu ya shingo yake. Alilitazama duara lote bila kuhama. Watoto wa Bi Pimbi walibaki juu ya jabali wameshikana mikono. Mama yao hakuthubutu kuwaangalia.

"Haya!" akasema Mbuni.

Pa! Ta! Pa! Ta! Pa-pa! Ta-ta! Ngiri alimjia kama kawaida yake. Bi Pimbi akakinga juu, akakinga chini, akarudi hatua, akakinga tena. Mikono ilimuuma mpaka mabegani.

"Piga, mama, piga!" watu wakapiga kelele.

"Hajui kupiga!" Ngiri akawaambia, anahema. "Anajua kukinga tu, kama mlango!"

Na Bi Pimbi alitamani kupiga, wanangu. Hofu ilimwambia piga, rusha tu, labda itampata. Mara fimbo yake ikaanza kunyanyuka yenyewe. Ngiri akampata begani, pa! Akayumba. Watu wakaguna. Akaishusha fimbo, akarudi kwenye kukinga, machozi yakimlengalenga.

Hatua nyuma. Hatua nyuma tena. Kisigino kikagusa majivu.

"Amekwisha huyo!" mtu akasema.

Pwi! Mkia wa Ngiri ukasimama wima.

Bi Pimbi akaruka pembeni. Puu! Fimbo ya Ngiri ikapiga ardhi, vumbi likatimka, na Ngiri mwenyewe akabaki ameegemea mbele, vidole vyake vya mguu vikiwa kwenye ukingo wa majivu. Lakini hakutoka, alikuwa na miguu yenye nguvu. Akajisimamisha, akageuka polepole huku anacheka.

"Unakimbia tu! Mpaka lini?"

Hakukumbuka kwamba sasa majivu yalikuwa nyuma yake. Wala hakuinua fimbo kujikinga. Ajikinge na nini, na mama wa watu hajampiga hata kidogo tangu waanze?

"KWIIIII!" Bi Pimbi akapiga yowe, na papo hapo akamchapa puani. Pwaa!

Miguu ya Ngiri haikungoja amri. Ikarudi! Hatua moja ingetosha kumtoa, lakini wapi, iliendelea kurudi, inatafuta mlango. Ikavuka majivu, ikapita katikati ya watu waliokuwa wanapisha huku wanapiga vigelegele, hadi kichaka cha miiba kikayapokea makalio yake.

"Uuuwi!"

"Nje!" akasema Mbuni.

"Sikusukumwa!" Ngiri akabweka kutoka kichakani. "Nimetoka mwenyewe!"

"Ndiyo," Mbuni akajibu. "Tumeona sote."

Kicheko kilichopigwa hapo! Ngiri hakutupa fimbo tena mlangoni kwa mtu.

Nguchiro akamkimbilia rafiki yake, akamkuta amekaa chini katikati ya duara, fimbo bado kaikumbatia.

"Umeshinda, shoga! Ulijua saa ngapi kwamba utashinda?"

"Sikujua," Bi Pimbi akasema. "Mpaka sasa naogopa. Hebu nishike niache kutetemeka, watoto wanateremka."

Mimi nimemaliza, wenye kusinzia amkeni. Fundisho ni hili: mwenye nguvu akikuandama, jikinge kwanza umsome, maana naye ana mazoea yake, na kwa mazoea hayo ataanguka.