Kanga ya Mwisho ya Bi Tatu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni, ingawa kisa chenyewe ni cha simu. Nitawapa watu watatu: mmoja ana ulimi, mwingine ana sikio, mwingine ana jicho. Mkishawajua nitawaachia kazi, maana mimi imenishinda.

Mwenye ulimi ni Kihiyo, kinyozi wa Korogwe. Huyo husema analoliona, hata kama mteja bado ana povu kidevuni na wembe uko shingoni.

Mwenye sikio ni Mwanasiti wa Msambweni. Haoni tangu utotoni, na simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Ukipumua tu mlangoni kwake, anajua ni wewe, na anajua umetoka kugombana.

Mwenye jicho ni Atupele, mtoto wa Tukuyu, kiziwi tangu kuzaliwa. Funga kanga yako leo tofauti na ulivyoifunga jana, yeye ndiye atakayekuuliza kwa mikono yake, kulikoni.

Watu hawa hawajawahi kuonana. Kilichowakutanisha ni katuni ya Bi Tatu.

Katuni hiyo ilikuwa ikichorwa Muheza na binti anayeitwa Hidaya, peke yake, kwenye simu, kisha anaipandisha mtandaoni. Bi Tatu ni bibi mwenye mbuzi mkaidi na maneno mengi. Sauti yake ilikuwa ya Mwanahamisi, shangazi aliyemlea Hidaya. Walirekodi kitandani, wamejifunika blanketi gubigubi, ili jogoo wa jirani asije akaingia kwenye katuni. Simu yenyewe ilikuwa ikijaa upesi, basi sehemu moja ikishapanda mtandaoni, Hidaya alizifuta sauti zote kupisha nyingine.

Katuni ile ilikuwa na desturi zake. Maoni ya watazamaji aliyajibu shangazi mwenyewe. Yuko barazani anamenya machungwa, Hidaya anamsomea maoni, yeye anatamka jibu, na kila jibu lilianza na "Mjukuu wangu". Halafu kila sehemu Bi Tatu alivaa kanga mpya, na jina la kanga hiyo lilitokana na maneno ya mtazamaji mmoja. Watu waliligombea jina hilo kuliko wanavyogombea ukoko wa pilau.

Kihiyo hakuwahi kupewa. Na angepewaje? Siku moja aliandika: "Bi Tatu anaongea mno. Mwache anyamaze hata kidogo, tumwone." Shangazi alicheka mpaka chungwa likamdondoka. Akamjibu: "Mjukuu wangu, nikinyamaza utasema nimekufa."

Haikupita miezi mingi akafariki kweli. Aliugua kidogo tu, na mtaa mzima ukaja kuzika.

Hidaya aliandika ukurasani: "Sehemu ya mwisho haitatoka. Samahanini." Hakueleza zaidi. Lakini maneno yale hayakuanza na "Mjukuu wangu", na watu wakaelewa. Pole zikamiminika, naye hakujibu hata moja. Alitamani sana kuimaliza katuni ile, itazamwe siku ya arobaini, nyumba ikiwa imejaa watu waliompenda shangazi yake. Ila kila alipoishika simu alimchora Bi Tatu akifumbua mdomo, na mdomoni hamna kitu. Ile sauti aliifuta kwa vidole vyake mwenyewe, na iliyobaki mtandaoni ilikuwa imechanganyika na muziki. Jambo hilo lilimuumiza kuliko maziko.

Sasa msikilizeni Kihiyo. Habari ilipomfikia alishindwa kunyoa. Wateja walikaa kwenye benchi, naye ameshika wembe anautazama. Kisha akaandika: "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Akasema akinyamaza nitasema amekufa. Dada Hidaya, mimi sijasema. Mchore amenyamaza, sehemu nzima, asitamke hata neno moja. Tuone nani atathubutu kusema amekufa."

Watazamaji walimshukia. Wakamwambia hana adabu, msiba wa watu anauletea ukinyozi. Lakini Hidaya aliyasoma maneno yale, akayarudia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akachora. Alimchora Bi Tatu, mdomo umefumbwa, akimtafuta mbuzi wake aliyepotea.

Alipoitazama kazi yake, akaiweka simu chini. Bi Tatu alikuwa kimya kama picha ya ukutani.

Hapo ndipo Mwanasiti alipoandika. "Dadangu, ile sehemu mbuzi alipokula mkeka wa harusi, nyinyi wenye macho mkiona kioo kimekuwa cheusi mwaondoka. Mimi sijui kama kimekuwa cheusi, kwa hivyo nangoja. Muziki ukisha, kuna mtu acheka, kisha asema: 'We Hidaya, nifunue, joto.' Na si sehemu hiyo pekee. Nimezisikiliza zote hadi mwisho. Vicheko, kikohozi, pumzi, nimevikusanya, nakutumia."

Kumbe Hidaya, kwa haraka zake, alikuwa akisahau kukata mikia ya sauti. Picha zilikwisha, shangazi akaendelea. Hidaya alijifunika blanketi lile lile mchana kweupe, akasikiliza. Aliposikia "We Hidaya", alilia, kisha akacheka, kwa sababu blanketini kulikuwa na joto kweli.

Kicheko kikapatikana, lakini mwili ukawa mzito. Hidaya alizoea mdomo ubebe kazi yote. Mikono aliichora bila kuifikiria. Sasa mdomo umefungwa na mikono haina la kusema.

Ujumbe ukaja kutoka Tukuyu, wa mama yake Atupele. "Dada, pole sana na msiba. Mwanangu hajaisikia sauti ya Bi Tatu hata siku moja, kwa hiyo sijui nimwambie ni nini kilichoisha. Kila siku ananiuliza, mbona bibi haji?" Chini yake kulikuwa na video. Atupele anamwigiza Bi Tatu, amejifunga kanga ya mama yake mpaka chini ya kwapa. Anafuta viganja kiunoni. Anaweka kiganja shavuni, anasikitika. Kisha ananyoosha mkono, anaita kwa vidole viwili, taratibu, njoo, njoo.

Hidaya aliitazama mpaka mchuzi ukaungua jikoni. Mikono ile ilikuwa ya shangazi. Alikuwa akiichora miaka yote bila kujua, na mtoto wa mbali ndiye aliyeiona, akaitunza.

Basi kazi ikaisha. Bi Tatu anamtafuta mbuzi mtaa mzima. Hasemi neno. Anacheka, anakohoa, anaita kwa vidole viwili. Mwishoni mbuzi anatokea, naye Bi Tatu anageuka, anaondoka polepole, kanga yake imejaa kioo kizima. Pale panapoandikwa jina, pako peupe.

Hidaya akaeleza ukurasani jinsi kazi ilivyopatikana, kisha akaandika: "Wajukuu wa Bi Tatu, jina la kanga hii nimpe nani?"

Kihiyo hakujizungusha. "Nipe mimi. Sijawahi kupewa, na bila mimi ungekuwa mpaka leo unachora mdomo mtupu. Andika: *Nimenyamaza, sijaondoka*."

Mwanasiti akasema: "Bila kile kicheko mngetazama kivuli. Kanga siioni, lakini kila atakayeisoma kwa sauti nitamsikia. Andika: *Kicheko chako nakijua*."

Mama Atupele akaandika: "Mwanangu hajajua kuandika. Nimemuuliza, Bi Tatu anasema nini, akaniita kwa vidole viwili, kama ninavyomwita mimi chakula kikiiva. Bila mikono hiyo angetembeaje? Kwa maneno yetu ni: *Njoo tule*."

Najua mmoja wenu anataka kusema yaandikwe yote. Wapo waliosema hivyo, wakaambiwa kanga yenye majina matatu si kanga, ni gazeti. Mwingine atasema Hidaya aandike maneno yake mwenyewe. Hapana, desturi ni ya marehemu, na marehemu alitaka jina litoke kwa mtazamaji.

Arobaini ni kesho. Uani wanawake wanachambua mchele. Hidaya amekaa barazani, karibu na kiti cha shangazi, na maoni yote ameyasoma kwa sauti, ya Kihiyo, ya Mwanasiti, ya Atupele, kama alivyozoea kumsomea. Amemaliza kusoma, na bado anangoja jibu.

Aliyekuwa akianza na "Mjukuu wangu" hayupo, basi mjibuni nyinyi. Kanga ni moja, na Bi Tatu hataibadilisha tena. Yuko aliyethubutu kumnyamazisha, yuko aliyemngoja gizani, yuko aliyemjua kwa mikono. Je, wewe ungemvika maneno ya nani?